Nyumba Isiyo na Karafuu

Karafuu moja ndiyo iliyomgeuza mume wangu njiani siku aliyokuwa akienda kuchomwa sindano ya nne ya saratani. Ilikuwa ndani ya mfuko wa kanzu yake, kavu, na kichwa chake bado kizima. Hospitali tulikuwa tunaiona mbele yetu alipotia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Akautoa mkono, akaunusa, akashika ukuta wa nyumba ya watu na kutapika. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa mkono ule mwengine, akaanza kurudi tulikotoka. Nilimwita. Hakugeuka.

"Sendi tena," alisema tulipofika nyumbani. "Leo sendi na kesho sendi. Umefahamu, Mwalimu?"

Aliniita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yangu, nilikuwa nikisomesha skuli ya wasichana mjini. Siku zote alilitamka neno hilo kwa mzaha. Siku ile hapakuwa na mzaha.

Karafuu moja haimshindi mtu hivi hivi, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa karafuu katika ghala moja la Malindi, mtaa wa karibu na bandari ya Unguja. Magunia yaliletwa kutoka mashamba, yakapangwa mpaka yakakaribia boriti. Yeye alikuwa na bambo lake, kijichuma chenye ncha na mfereji katikati. Alilidunga katika gunia, likatoka na karafuu chache, akazimimina kiganjani, akazifumbata kidogo na kuzinusa. Kisha akasema: hizi zimenyeshewa zikiwa juu ya jamvi, hizi zimechanganywa na makonyo, yaani vile vijiti vya shada, hizi safi, daraja la kwanza. Wenye mali walibishana naye. Wengine walilimwaga gunia zima sakafuni ili kumwonesha kuwa kakosea, na mara nyingi walizizoa wenyewe, wakakubali daraja alilolitaja.

Nyumbani pua ile ilitupa kicheko. Wiki za mwanzo za ndoa yetu nilirudi kutoka harusini, na kabla sijavua buibui akaniambia, "Umekaa karibu na mtu anayevuta sigara, umekula sambusa, na umelia."

Nilimuuliza machozi yananuka nini.

"Hayanuki. Wanja umekuchuruzika mpaka kidevuni."

Maradhi yalianza kwa kuwashwa. Alijikuna miguu mpaka ikatoka damu, na shangazi yake, aliyekuwa akikaa nasi ghorofa ya chini, akamtengenezea mafuta ya nazi na manjano. Ikaja homa ya jioni, na jasho la kulowesha shuka. Mwisho zikatoka tezi shingoni upande wa kushoto, moja, kisha nyengine, ngumu kama kokwa za zambarau, na wala hazikumuuma. Watu wakanong'ona kifua kikuu. Jirani mmoja akaacha kumpa mkono.

Daktari wa hospitali alikata tezi moja akaipeleka bara ikachunguzwe. Jibu lilipokuja alituita sote wawili. Alikuwa Mzungu, na Kiswahili chake kilitosha kuulizia maumivu tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri. Aliniambia kwa Kiingereza kuwa ni saratani ya tezi, akasita, akaniuliza kama nitaweza kulisema hilo. Mume wangu alikuwa akinitazama mimi, si daktari.

"Anasema nini?"

"Anasema ni saratani."

"Basi mbona unanong'ona? Humu hamna mtoto aliyelala."

Dawa ilikuwepo, mpya, ya sindano ya mshipa, iliyoletwa kutoka Ulaya. Angechomwa, akapumzika wiki kadhaa, akachomwa tena, mpaka zitimie sita. Daktari hakuahidi kitu. Alisema itamsumbua sana tumbo, na kwamba akiiacha katikati tezi zitarudi, na huenda safari hiyo zisisikie dawa. Hilo nililifasiri mara mbili.

Ulikuwa msimu wa karafuu, naye hakutaka kupoteza kazi ya asubuhi. Alikuja kuchomwa sindano ya kwanza moja kwa moja kutoka ghalani, na kanzu yake ya kazi, vumbi la karafuu limejaa kwenye mishono. Jioni alianza kutapika, na alitapika mpaka kukacha, kanzu ile ile mwilini, maana hakutaka kuguswa. Asubuhi nilimpelekea chai. Nilikuwa nimeitia karafuu mbili, kama nilivyofanya siku zote. Kikombe hakikufika kitandani.

Tangu hapo karafuu ikawa adui. Daktari alisema mambo hayo hutokea: mwili huishika harufu iliyokuwepo siku ya mateso, ukaihesabu kuwa ndiyo iliyoutesa. Aliniambia hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini mvua inanyesha, akaendelea na mgonjwa mwengine.

Lakini tezi zilisinyaa. Ndani ya siku chache niliitafuta moja kwa vidole nisiione. Nilipomwambia, alijipapasa mwenyewe, akajipapasa tena, akasema, "Nani kaichukua?" Ndiyo sababu sikukubali aache.

Sasa jaribu wewe kuitoa karafuu katika nyumba ya Unguja. Nilianzia jikoni, nikadhani nimemaliza, kumbe sijaanza. Ilikuwemo katika kasha la nguo, baina ya kila kanga na kanga, kwa ajili ya nondo. Ilikuwemo katika mafuta ya kuchulia miguu, katika unga wa kusugulia meno, katika kijifuko kilichoshonwa ndani ya mto wa harusi yetu. Niliufumua mto. Nguo nilizifua, nikazianika juu ya dari, nikazinusa, nikazifua tena. Kasha nililitoa uani likapigwa jua, nikalisugua kwa ndimu na majivu. Sokoni Darajani nilipita upande wa samaki na kuwazunguka mbali wauza viungo, na mmoja wao, aliyezoea kuniuzia, akanipigia ukelele akauliza kama tumegombana.

Shangazi alikuwa na jino bovu, na katika jino hilo aliweka karafuu. Nilimwomba aitoe. Alinitazama kama niliyemwambia atoe jicho.

"Na likiniuma?"

"Nitakupeleka kwa daktari wa meno, Shangazi."

"Bora nile mchana huu upande mmoja," alisema, akaitema. Baadaye nilimwona akienda kwa jirani shavu likiwa bapa na kurudi limetuna. Nikamwacha. Alikuwa akikaa chini, na sisi juu.

Watu waliniuliza moyo naupata wapi. Nilisomesha asubuhi, mchana nikapika uji na muhogo wa kuchemsha na kila kitu kisichonukia, na alasiri nikaendelea na vita vyangu. Siku sindano ilipomlaza kabisa, nisiweze kumfanyia lolote ila kushika bakuli, nilijiambia kuwa bado makabati. Saratani sikujua inasafishwa vipi. Kabati najua. Nilikuwa nikilala nimechoka na kitu kimoja kimekamilika, na siku nyengine hicho ndicho kilichoniamsha.

Gumu zaidi lilikuwa wageni. Kwetu mgonjwa hutazamwa, na kumfungia mlango anayekuja kumtazama ni aibu isiyosahauliwa. Nao marafiki zake wote walikuwa watu wa ghalani. Mmoja alikuwa hamali, mtu wa kifua kipana aliyebeba magunia tangu ujana wake, karafuu zimemwingia mpaka kwenye ngozi. Nilimzuia mlangoni nikamweleza. Kesho yake akarudi na kanzu nyeupe, nywele zimelowa.

"Bi Mwalimu, nshaoga."

"Umeoga wapi?"

"Nimeoga baharini, nikaoga msikitini, kisha mke wangu kanisugua kwa dodoki kama sufuria. Ninuse mwenyewe."

"Mimi nikunuse wewe, mume wa mtu?"

"Basi mwite Shangazi aninuse. Yeye mtu mzima."

Shangazi akaja, akamnusa begani, akafikiri kidogo. "Pilau," alisema, akarudi ndani.

Ikabidi asimame njiani, upande wa pili wa kichochoro, mume wangu akae dirishani, wazungumze kwa sauti huku mtaa mzima ukisikiliza. Hamali yule aligundua mwenyewe mambo ya upepo. Alifika kwenye kona, akalowesha kidole, akakiinua.

"Kusi!" alipiga ukelele. "Nasogea!"

Kusi, upepo wa kusini, ikivuma, harufu yake ilikwenda zake upande wa bandarini. Upepo ukiyumba alirudi nyuma hatua kadhaa bila ya kukatisha hadithi. Alimletea habari zote za ghala. Siku moja alimwambia kuwa amewekwa mkaguzi mpya.

"Kijana?"

"Kijana wa suruali. Jana kazipitisha karafuu za mvua daraja la kwanza."

"Ana mafua?"

"Bwana, yule ana mafua ya ukoo mzima!"

Nilikuwa nikisahihisha madaftari chumba cha pili, nikamsikia mume wangu akicheka mpaka akakohoa. Kisha rafiki yake akaaga, na nikamsikia akilifunga dirisha mapema kuliko siku zote. Nilidhani kachoka.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye sindano ya nne na karafuu ile ya mfukoni.

Haikuwa na siri. Siku tuliyorudi, nilipokuwa bado nimesimama na buibui langu, Shangazi alipanda ngazi akilia.

"Nimeiweka mimi," alisema. "Mtoto wangu anakwenda kwa watu, kanzu yake haina harufu yoyote, kama ya mtu asiye na kwao. Nikaiweka katika kasha langu ilale na karafuu siku moja tu. Nilizikung'uta zote, wallahi nilizikung'uta."

Mume wangu alimshika mkono akamkalisha kitandani. "Usilie, Shangazi. Kanzu ilikuwa nzuri. Kila mtu njiani aliniangalia."

"Walikuangalia ulivyokuwa ukitapika."

"Hata hivyo."

Shangazi alipokwisha teremka ndipo aliponiambia lililokuwa moyoni mwake, taratibu, akitazama dari.

"Tumbo halinitishi. Tumbo litatulia. Lakini dawa hii inakula tezi na inakula pua pamoja. Mara ya kwanza ilikuwa karafuu. Kisha ikawa mdalasini, kisha chai kavu. Kila sindano inachukua kitu. Zikifika sita nitabaki na nini? Nitapona, nikae barazani na shingo nzuri, nimsubiri mke wangu arudi skuli?"

"Utapona kwanza."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu kazi yako haimo puani."

Nilikwenda hospitali peke yangu nikamweleza daktari. Alisema anaweza kusubiri wiki mbili. Zaidi ya hapo hataki. Skuli zilikuwa zinafungwa. Nilimwambia mume wangu tukapumzike kwa bibi yangu Makunduchi, kusini ya kisiwa, na habari ya sindano sikuigusa. Alikubali, pengine kwa sababu sikuigusa.

Bibi ni mama yake mama yangu. Alikaa peke yake katika nyumba ya mawe iliyoezekwa makuti, akasokota kamba za kuuza. Kwa desturi yetu bibi na mume wa mjukuu wake ni watani, naye alimwita mume wangu "mume wangu" na mimi "mke mwenzangu", tangu siku ya harusi. Tulipoteremka kwenye gari la shamba alikuwa amesimama njiani, mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu," alisema, "mume nilikupa na nyama, leo unanirudishia mifupa?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na wewe bwana, umekuja kunitazama au umekuja kufa? Kama ni kufa sema mapema, maana sanda ya urefu huo sina."

Nikautua mzigo. Mjini hapana aliyewahi kulitaja neno hilo mbele yake, hata kwa mafumbo. Mume wangu alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo.

"Nimekuja kula, mke wangu," alisema.

"Ala! Basi ingia."

Nilimvuta Bibi pembeni kumuuliza kama ndani kuna karafuu. Alinionesha kwa kidevu lile jiwe la matumbawe lililotandaa kila upande, na vichaka vilivyojichomeza katika nyufa. "Karafuu ataiotesha nani huku? Huku kunaota mawe." Nilishukuru, na shukrani yangu ikadumu mpaka maji ya bahari yalipotoka na upepo ukageuka kutoka pwani.

Nilikuwa nimesahau makumbi. Wanawake wa pwani ile huyafukia makumbi ya nazi katika mashimo ya matope, pale maji yanapojaa na kutoka, wakayawekea mawe juu, yakaoza miezi mingi mpaka nyuzi zikaachana. Kisha huyafukua, wakayaponda kwa magongo, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Shimo la makumbi likifunuliwa, mgeni huziba pua kwa ukaya wa kichwani. Mimi niliyekuwa nimelianika kasha kwenye jua kali kwa ajili ya harufu ya karafuu chache, nilikuwa nimempeleka mgonjwa wangu mahali panaponuka kuliko pote kisiwani.

Nilimwomba Bibi aahirishe kufukua. Akasema bamvua haliahirishwi. Maji yametoka mbali na yatarudi. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshavaa kikoi na kumfuata.

Nilikwenda nyuma yao na ndoo ya maji na kitambaa. Wanawake walikuwa wameenea pwani, kila mmoja na mashimo yake, wakizungumza kwa sauti. Bibi alikuwa na mashimo mawili. Aliondoa jiwe moja la shimo la kwanza, na uvundo ukatupiga usoni. Nikamtazama mume wangu, nikaisogeza ndoo.

Hakutapika. Alisimama ameinamisha kichwa upande mmoja, na mimi nikaujua ule upande. Ndivyo alivyokuwa akisimama ghalani.

"Hili bado," alisema.

Bibi aliinuka. "Bado nini?"

"Halijaiva. Lina ukali juu yake, kama siki. Lile jengine pale, ukali umeshatulia."

"Lile nimelifukia baadaye. Hili ndilo la kwanza."

"Sijui umelifukia lini. Nasema linavyonuka."

Jirani wa shimo la karibu alikuwa ameacha kuponda akisikiliza. "Bi mkubwa, huyo mumeo kaja kununua makumbi au kuyaposa?"

"Mwache," alisema Bibi. "Watu wa mjini hununua hata upepo." Akajipinda, akachomoa kumbi moja kutoka shimo lake la kwanza, akalibamiza kwa gongo. Halikuachana; nyama yake ilishikamana na nyuzi, akalipiga tena na tena, likabaki gumu. Akaenda shimo la pili, akaondoa mawe, akachomoa jengine. Gongo la kwanza tu, nyuzi zikatawanyika kama nywele za mtoto.

Baadaye alikumbuka kuwa msimu ule mchanga ulikuwa umelifunika shimo la kwanza, maji yakawa hayaingii vizuri. Wakati ule hakukumbuka lolote. Alimtazama mume wangu, kisha akawatazama wenzake, akasema kwa maringo, "Mmemwona?"

"Tuazime!" alipiga ukelele yule jirani. "Tuazime mumeo, shimo langu lile kule linanitia wasiwasi!"

"Nenda, mume wangu, lakini usikae sana. Huyo ni mjane."

Akaenda. Alizunguka mashimo yao yote, matope mpaka magotini, amekonda kama ufito, wanawake wakimfuata na kumtania, na kila mahali aliinamisha kichwa, akasema ndiyo, au bado. Mimi nilisimama na ndoo yangu nisijue niiweke wapi. Maji yalipojaa tulirudi nyumbani, akala muhogo na papa mkavu, akaomba tena. Nilikuwa sijasikia neno "tena" kwa chakula tangu msimu wa karafuu.

Siku zilizobakia alitoka na wanawake kila maji yalipotoka. Mimi nilihesabu kimya kimya, nikijua wiki mbili za daktari zinakwisha, na nikijua pia kuwa nikimkumbusha nitamgeuza. Asubuhi moja nilikuwa nikikoka moto alipoketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Gari la mjini linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri, baada ya sala."

"Linapita wapi?"

"Njia ya kusini, mpaka karibu na hospitali. Halifiki Malindi."

"Hayo nayajua. Nauliza kama linachukua samaki."

"Linachukua."

"Basi nikae karibu na tenga la samaki." Alichokora moto kwa kijiti. "Pua ipo, Mwalimu. Iliyoharibika ni karafuu, na hivyo viwili vitatu vyengine. Kuna vitu vingi vya kunusa."

Niliendelea kupuliza moto ili nisimtazame. Moshi ulikuwa mwingi, bahati njema.

Bibi alitaka kumfungia kipande cha kumbi katika jani la mgomba akinuse hospitalini, kimtie nguvu. Mume wangu alikataa kwa khofu ya kweli. "Usinipe hicho, mke wangu. Nikitapika nacho, kesho pwani sipiti." Kisha akanigeukia. "Tuipe sindano harufu ambayo sitaijutia. Lazima ichukue kitu, basi tuchague sisi."

Tulikaa tukachagua kama watu wanaochagua mbuzi wa karamu. Mimi nilitaja mafuta ya taa. Akasema akiyachukia hayo, nyumbani tutakaa gizani. Bibi alimtaja jirani yake mmoja. Mwisho akaamua sabuni nyekundu ya dawa, ile ya kuogea watoto wenye upele, ambayo alisuguliwa nayo utotoni na hakuipenda hata siku moja. Nilimnunulia kipande. Asubuhi ya sindano ya nne alijisugua nayo mwili mzima, akaingia hospitali akinuka kama wodi yenyewe. Alitapika kama kawaida. Lakini aliyoitapikia ilikuwa sabuni.

Sindano ya tano na ya sita alizipata hivyo hivyo. Baina ya moja na nyengine alikaa kwa Bibi, kwa sababu upepo ulishageuka kaskazi na maghala ya Malindi yalikuwa yakipumua juu ya mji mzima. Mimi nilirudi skuli, nikawa nakwenda Makunduchi kila mwisho wa wiki, madaftari ya wanafunzi yakaniangukia garini na kurudi kwa wenyewe yakiwa na alama za mafuta ya samaki. Siku nyengine nilifika nimechoka hata kusalimia siwezi. Bibi alinitazama, akanipa gongo na rundo la makumbi, akasema, "Piga." Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi, na baada ya hapo niliweza kuzungumza na mume wangu kama mtu.

Daktari alimwangalia baada ya sindano ya sita, shingo, kwapa na tumbo, akasema hakuna anachokishika. Alisema dawa zimekwisha kwa sasa. Mume wangu aliniuliza "kwa sasa" maana yake nini, nikamwambia maana yake ni hiyo hiyo.

Siku hizi anafanya kazi katika ghala la mbata, yaani nazi zilizokaushwa, mbali kidogo na Malindi, na kwa wiki kadhaa za mwanzo alilalamika kuwa mbata haina mambo mengi ya kusema. Sasa anazisifu. Rafiki yake hamali bado anasimama upande wa pili wa kichochoro, kidole juu, ingawa pepo za kaskazi zimekwisha. Shangazi ameng'oa jino.

Daktari alinifundisha kumpapasa, na kila Ijumaa akitoka kuoga hukaa juu ya kiti, nami nikapita kwa vidole kuanzia nyuma ya sikio mpaka begani. Yeye hutumia nafasi hiyo kunitajia nimepika nini. Ijumaa ya mwezi uliopita, chini ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, nilishika kitu kidogo kama punje ya choroko. Nilirudisha kidole. Kilikuwepo.

"Umekoma," alisema.

"Nakusikiliza."

"Umekoma kabla sijasema kitu."

Nikamwambia. Alikitafuta mwenyewe, akakipata, akakishikilia kwa muda. Siku ya pili tulikwenda hospitali. Daktari alisema huenda ni kovu la tezi iliyokufa, huenda siyo. Ni kidogo mno kukikata. Tungoje mwezi mmoja tuone kama kitakua. Mwezi haujesha. Jana nilikishika tena, na yeye akakishika baada yangu. Mimi nilisema kiko vile vile. Yeye alisema hajui.